Gari Lililodondoshwa na Watu Ndani

Nililikuta gari hili kwenye tanbihi. Mwaka jana nilikuwa nasoma kuhusu vita vya Ogaden kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, nikafika kwenye mapigano ya Jijiga ya Machi 1978. Wasomali walikuwa wameshika mlango wa Kara Marda, njia nyembamba ipitayo kwenye milima kuelekea Jijiga, na kuwaondoa pale kwa kuwakabili uso kwa uso kungegharimu watu wengi mno. Jenerali wa Kisovieti Vasily Petrov, aliyekuwa akiongoza mapigano upande wa Ethiopia, akaamua kuwazunguka. Helikopta kubwa za Mi-6 zikabeba magari ya deraya, zikayavusha milima na kuyashusha nyuma ya Wasomali. Tarehe 5 Machi Jijiga ikarudi mikononi mwa Ethiopia.

Niliisoma sehemu ile mara mbili. Magari ya deraya ninayoyajua mimi ni ya kwenye gwaride la Uhuru, yale ambayo yakipita unahisi mtetemo kwenye magoti. Helikopta gani inabeba kitu kama hicho? Tanbihi ikanijibu kwa majina mawili tu: ASU-57 na BMD-1. La kwanza ni mzinga unaojiendesha wenyewe, uzito wake tani tatu na nusu hivi, mwepesi kuliko malori mengi yanayoleta mchanga mtaani kwetu. La pili lina tani saba na kidogo. Na yote mawili hayakubuniwa kwa ajili ya helikopta. Yalibuniwa yatupwe kutoka kwenye ndege, yashuke kwa miavuli.

Tasnifu yangu haihusu magari. Msimamizi wangu angesema napoteza muda, na kwa kweli nilipoteza wiki tatu. Lakini katika wiki ya pili nikakutana na jaribio la Januari 1973, na baada ya hapo sikuweza kuliacha. Nitalifikia. Kwanza inabidi nieleze kwa nini mtu mwenye akili timamu atake kudondosha gari kutoka angani.

Anza na askari mwenyewe. Askari wa mwavuli anafika mahali ambapo adui hakumtarajia. Hiyo ndiyo faida yake, na karibu inaishia hapo. Akishagusa ardhi anakuwa askari wa miguu aliye mbali na jeshi lake, ana risasi alizobeba mwilini na chakula cha siku chache. Adui akileta kifaru, yeye ana nini?

Wajerumani walilionja hilo Krete, Mei 1941. Askari wao wengi waliruka na bastola na mabomu ya mkono tu. Bunduki zilishuka pembeni, kwenye makasha yenye miavuli yake. Kasha likiangukia shamba la mizeituni ambalo adui amelilenga, basi bunduki yako umeiona kwa macho. Kisiwa walikiteka, ila kwa vifo vingi kiasi kwamba Hitler hakutaka tena uvamizi mkubwa wa namna ile. Zamu ya Waingereza ilikuwa Arnhem, Uholanzi, Septemba 1944. Watu wapatao 10,000 walishuka ili kushika daraja la mto Rhine, wakakuta vikosi vya vifaru vya SS vimepumzika jirani. Baada ya siku tisa, waliorudi ng'ambo ya mto hawakufika 2,500.

Kwa hiyo wazo la kumpelekea askari huyu kifaru chake halikuwa wazimu. Wazimu ulikuwa kwenye namna ya kulitekeleza.

Warusi walianza mapema. Kikosi chao cha kwanza, watu 12 tu, kiliruka karibu na Voronezh tarehe 2 Agosti 1930. Ndani ya miaka michache walikuwa wanafunga vifaru vidogo chini ya ndege ya mabomu ya TB-3, kama kupe kwenye tumbo la ng'ombe. Kimoja cha aina hiyo, T-37A, kiliweza kuelea, hivyo wakajaribu kukiachia juu ya maji huku ndege ikipita chini chini. Kisha ikaja vita, na mhandisi Oleg Antonov akaenda mbali zaidi: alichukua kifaru cha T-60 akakifunga mkia na mabawa ya mbao, bawa juu ya bawa. Ili kipungue uzito walikiondolea silaha na kukiachia mafuta kidogo. Tarehe 2 Septemba 1942 kikavutwa angani na TB-3, rubani Sergei Anokhin akiwa amekaa ndani. Injini za ndege iliyokuwa ikivuta zikazidiwa, ikabidi kamba iachiwe. Anokhin akakitua shambani, mabawa yakavuliwa, akakiendesha kurudi kambini.

Nilicheka peke yangu maktaba. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu mtu huyo alikaa ndani ya kifaru kinachoshuka kutoka mawinguni akitegemea kukiendesha papo hapo, na alikiendesha. Miaka thelathini baadaye wengine wangelirudia jambo hilo bila mabawa. Mradi wa Antonov ulikufa kwa kukosa ndege yenye nguvu ya kuvuta kifaru chenye mzinga na risasi zake.

Waingereza wao walitumia glaida iitwayo Hamilcar, ndege kubwa ya mbao isiyo na injini, inayovutwa na ndege nyingine na kuachiwa itue yenyewe. Ndani waliweka kifaru chepesi cha Tetrarch, tani saba na nusu. (Tetrarch iliwahi kufika karibu na kwetu. Mei 1942 Waingereza waliishambulia Diego Suarez, kaskazini mwa Madagascar, ile ambayo wazee wa pwani waliiita Bukini, na Tetrarch chache zilishuka pale kwa meli. Miezi michache baadaye Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, yenye Keya kutoka huku, ilitua kisiwa hichohicho.) Jioni ya tarehe 6 Juni 1944 glaida zikaleta Tetrarch zipatazo 20 Normandy. Uwanja walioulenga ulikuwa umetapakaa miavuli iliyoachwa na askari walioruka usiku uliotangulia. Vitambaa na kamba vikajizungusha kwenye magurudumu na minyororo ya vifaru, vingi vikakwama palepale kabla havijafyatua risasi moja, wenyewe wakiwa chini kwa matumbo wanakata kamba.

Wamarekani walibuni kifaru kilichoitwa Locust, cha kubebwa na ndege ya C-54. Kiwiliwili kinaning'inizwa chini ya ndege, kibanda cha mzinga kinavuliwa na kuwekwa ndani, kisha mkifika mnaviunganisha. Maana yake mnahitaji uwanja wa ndege, nafasi na utulivu, vitu ambavyo mngekuwa navyo msingehitaji kutua na kifaru mgongoni mwa adui. Baba yangu ni fundi wa magari. Nilipomweleza hili alisema hiyo ni kufungua injini katikati ya barabara. Mwishowe waliozitumia ni Waingereza. Locust nane ziliingia kwenye Hamilcar kuvuka Rhine tarehe 24 Machi 1945. Glaida moja ikavunjika angani na kifaru kikaanguka na watu wake.

Sasa Margelov.

Vasily Margelov alizaliwa mwaka 1908, akapigana Vita vya Pili vya Dunia, na kuanzia 1954 hadi 1979, ukiacha miaka miwili hivi katikati, alikuwa mkuu wa askari wa miavuli wa Umoja wa Kisovieti. Fulana zao za mistari ya buluu na bereti za buluu ni kazi yake. Mpaka leo wanajiita jeshi la Mjomba Vasya. Ni yeye aliyeshinikiza litengenezwe gari la kushuka nao na kupigana nao, na kiwanda cha matrekta cha Volgograd kikampa BMD-1, iliyoingia jeshini mwaka 1969.

Njia rahisi ya kuielewa BMD ni kuchukua BMP, gari la askari wa kawaida wa miguu, lenye tani 13 hivi, halafu uanze kutoa. Chuma kikatoka, ikaingia alumini. Nafasi ikabanwa mpaka watu saba wakakaa kama abiria wa Hiace ya jioni. Springi za kawaida zikatoka, ukaingia mfumo wa gesi na mafuta unaomruhusu dereva kulishusha gari hadi tumbo lilale kwenye jukwaa la kudondoshea, kisha kuliinua tena likishatua. Mzinga wa milimita 73 ulibaki uleule wa BMP. Uwezo wa kuogelea mtoni ulibaki. Mbio zikaongezeka. Kilichopungua ni ukuta. Ukuta ule ulizuia risasi za bunduki za kawaida, lakini ubavuni bunduki kubwa ya rashasha iliweza kuutoboa. Kila kilo iliyoondolewa ili gari lipae ilikuwa kilo ya kumkinga aliyekaa ndani.

Na bado tatizo la Krete halikuwa limekwisha. BMD ilidondoshwa peke yake kwenye jukwaa, na watu wake wakaruka baadaye kila mmoja na mwavuli wake. Upepo ukiwatawanya, gari linaangukia huku na wao kule, pengine kilomita kadhaa. Kila gari lilifungwa kiredio cha kutoa mlio, na askari akapewa kipokezi cha kulitafutia, usiku, msituni, kwenye theluji ya magotini. Lilikuwa lile kasha la bunduki limerudi, sasa likiwa na injini.

Margelov akaamua kwamba watu wakae ndani.

Mpango uliitwa Kentavr, jina la yule kiumbe wa hadithi za Kigiriki mwenye kiwiliwili cha mtu na mwili wa farasi. Walianza na mbwa. Mbwa walifungwa ndani ya gari, gari likadondoshwa, wakatoka wazima. Viti walivikopa kwa wanaanga: kiti cha Kazbek, kilichobuniwa kumlinda mwanaanga chombo chake kinapogonga ardhi, kilirahisishwa kikawa Kazbek-D. Mtu hakai juu yake kama kwenye gari. Analala chali, magoti juu, mwili umeshikwa pande zote.

Tarehe 5 Januari 1973, karibu na mji wa Tula, kusini mwa Moscow, ndege ya An-12 ilipaa na BMD moja tumboni. Ndani ya BMD alikuwamo Luteni Kanali Leonid Zuev. Pembeni yake alikuwa Alexander Margelov, mhandisi aliyesomea usafiri wa anga Moscow, mmoja wa waliokuwa wakishughulikia mpango huo katika kamati ya kiufundi ya jeshi hilo. Alikuwa na miaka 27, mwaka mmoja zaidi yangu sasa. Alikuwa mtoto wa mkuu wa jeshi. Baba yake alikuwa chini, akitazama juu.

Nimelifikiria jambo lile mara nyingi, hasa usiku. Umelala chali kwenye sanduku la alumini, na sanduku liko ndani ya ndege. Mlango wa nyuma wa ndege unafunguka, ila wewe unausikia tu. Mwavuli mdogo unatoka na kulivuta jukwaa, jukwaa linateleza juu ya roli, linafika ukingoni, linainama. Kuna sekunde chache ambazo hakuna kitu chochote kilichokushika isipokuwa mkanda wa kiti, na kiti kinaanguka pamoja na wewe. Hakuna namna ya kutoka. Kisha miavuli mikubwa inafunguka, gari linakatwa mwendo kwa kishindo, linaanza kubembea. Halafu ukimya. Halafu ardhi, ambayo huioni ikija.

Walitua salama. Wakafungua mikanda, wakalitenganisha gari na jukwaa, wakawasha injini na kuondoka nalo mbele ya macho ya waliokuwa wakitazama.

Inasimuliwa kwamba jenerali alikuwa na bastola yenye risasi siku ile, na kwamba kama mwanawe angekufa naye asingetoka hai pale uwanjani. Simulizi hiyo imerudiwa mno, utaikuta karibu kila mahali jaribio hili linapotajwa. Kinachonishughulisha mimi ni kwa nini watu wanaihitaji bastola ile. Nadhani inasawazisha mizani. Bila bastola tuna mzee aliyesimama ardhini na kijana anayeanguka. Tukiiweka bastola, wote wawili wanaanguka.

Hapa inabidi niseme kuhusu baba yangu.

Baba ni fundi Mbeya, na watu wanamjua zaidi kwa breki. Nilipokuwa shule ya msingi, likizo zangu niliziishi gereji. Akimaliza breki za lori, alilijaribu mwenyewe kwenye mteremko wa Iwambi kabla ya kumkabidhi mwenye mali, na mara nyingi alinipandisha pembeni yake. Kama unaujua mteremko ule, unajua malori yanavyouogopa. Mwenye lori akiniona nimekaa mbele, miguu haifiki chini, naye alipanda. Wengine walisema wazi: fundi kampandisha mwanawe, kuna hofu gani tena? Nilijiona mtu mzima. Shuleni niliwaambia wenzangu kwamba mimi najaribu breki.

Mama hakupenda. Siku moja alikuja gereji kuleta chakula akanikuta nimeshapanda kwenye lori la mteja wa mbao. Akafungua mlango, akanishika mkono, akaniteremsha mbele za watu. Akamwambia baba, "Baba fulani, kama una uhakika na kazi yako, uhakika huo ni wako." Baba alicheka, na mteja wa mbao akacheka, wakaondoka wawili. Nililia kwa hasira. Baada ya nusu saa lori lilirudi zima, na kwa miaka mingi nilichukulia kwamba kurudi kwa lori lile kulithibitisha kuwa mama alikosea.

Nilikumbuka siku hiyo nikiwa nasoma kuhusu Tula. Kila aliyeandika juu ya jaribio lile ameliandika kama ushujaa wa watu watatu, wawili ndani na mmoja chini, na sibishi. Alexander hakuburutwa. Alikuwa mtu mzima, alizijua hesabu kuliko baba yake, na mwaka 1976 alipanda tena. Lakini alikuwa pia kama mimi kwenye lori. Alikuwa uthibitisho. Fikiria kijana wa miaka 19 aliyeitwa jeshini kwa sheria, hakuomba, ametokea kijiji fulani Siberia, anaambiwa aingie ndani ya gari na ndege inapaa. Kabla ya Januari ile angeweza kuuliza kama jambo hili ni salama. Baada ya mtoto wa jenerali kutoka mzima, swali limebadilika: je, wewe ni mwoga?

Jaribio la 1976 liliitwa Reaktavr, yaani Kentavr wa roketi. Kundi la miavuli lilibadilishwa na mwavuli mmoja mkubwa, hivyo gari lilishuka kwa kasi zaidi sana, likabaki muda mfupi zaidi mbele ya bunduki za adui. Chini yake zilining'inia fimbo. Fimbo zikigusa ardhi, roketi zinawaka na kulishika gari katika mita za mwisho. Tarehe 23 Januari, karibu na Pskov, Alexander alipanda na Luteni Kanali Leonid Shcherbakov, wakatua wazima. Miaka 20 baadaye, mwaka 1996, wawili hao walipewa cheo cha Shujaa wa Shirikisho la Urusi. Jenerali alikuwa ameshafariki, 1990.

Likabaki swali ambalo mwanafunzi wa historia hawezi kulikwepa: gari hili walilidondosha wapi vitani?

Jijiga, kama nilivyosema, helikopta zilitosha. Desemba 1979 BMD ziliingia Afghanistan, lakini ndege zilitua kwenye viwanja vya Kabul na Bagram, milango ikafunguliwa, magari yakateremka kwa minyororo yake kama malori yanavyoteremka kwenye pantoni. Hakukuwa na mwavuli hata mmoja. Kisha ikaja vita yenyewe, ambayo ilikuwa ya barabara za milimani na mabomu ya kutegwa ardhini. Sakafu ya BMD ilikuwa alumini. Bomu likilipuka chini, waliokaa ndani ndio wanaolipokea. Askari wakaanza kupanda juu ya paa, wakiona ni afadhali risasi za mlimani kuliko mlipuko wa chini. Gari lililogharimu mbwa, viti vya wanaanga na mtoto wa jenerali ili watu wakae ndani likiwa linaanguka, sasa watu hawakutaka kukaa ndani hata likiwa limesimama. Baada ya miaka michache vikosi vya miavuli vilivyokuwa kule vilipewa BMP-2 na BTR, magari yenye uzito zaidi, yasiyo na habari na miavuli.

Mazoezi yaliendelea. Mwaka 1998 Warusi walidondosha BMD-3 ikiwa na watu wake wote saba ndani, wakatoka wazima. Lakini katika vita vyote nilivyovisoma, hakuna ambacho gari la aina hii lilishuka kwa mwavuli likiwa na watu ndani, likaenda kupigana.

Waliodondosha vifaru vitani kwa miavuli ni Wamarekani, usiku wa tarehe 20 Desemba 1989, Panama. Kifaru kilikuwa Sheridan, nacho cha alumini, chenye mzinga mkubwa wa milimita 152 ambao ukifyatuliwa magurudumu ya mbele yananyanyuka. Vilidondoshwa vipatavyo kumi kwenye uwanja wa ndege wa Torrijos-Tocumen, na angalau kimoja kikaharibika kabisa kwa kuanguka. Ndani hapakuwa na mtu. Wenyewe waliruka pembeni, kama zamani. Na Sheridan nne nyingine zilikuwa zimeshafika Panama mwezi uliotangulia, kimyakimya, ndani ya ndege iliyotua kama ndege nyingine yoyote.

Halafu Februari 2022. Alfajiri ya uvamizi wa Ukraine, askari wa miavuli wa Urusi walitumwa kuteka uwanja wa ndege wa Hostomel, nje kidogo ya Kyiv. Jina rasmi la uwanja ule ni Antonov, la yule aliyekifunga kifaru mabawa, ambaye kampuni yake ndiyo iliyotengeneza An-12 ya Tula. Walishuka kwa helikopta, bila magari. Ndege za kuleta wenzao hazikuweza kutua kwa sababu Waukraine walikuwa bado wanaupigania uwanja. BMD zilikuja kwa barabara, kutoka Belarus, zikiwa kwenye misururu kama gari lolote. Siku tatu baadaye msururu mmoja wa askari wa miavuli ulichomwa kwenye mtaa wa Vokzalna, Bucha. Picha zake zipo nyingi: mabati yameyeyuka, minyororo imelala barabarani, na mbele ya nyumba za watu. Bucha hiyohiyo ndiyo ambayo dunia iliijua wiki chache baadaye kwa miili ya raia waliouawa, na kati ya waliokuwa wameishika walikuwamo askari hao wa Mjomba Vasya. Siwezi kuwaonea huruma waliokuwa ndani ya magari bila kukumbuka waliokuwa ndani ya nyumba.

Nilirudi kwenye Ogaden, kwa sababu tasnifu haijiandiki. Lakini Jumapili moja nilimpigia baba simu. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza masomo. Nikamsimulia habari yote, kuanzia Tetrarch. Alizipenda roketi kuliko kitu kingine. Akataka kujua fimbo zile ziko ngapi, na itakuwaje fimbo ya upande mmoja ikigusa jiwe kabla ya nyingine haijagusa chini. Akasema yeye asingelala usiku.

Nikamwuliza kwa nini alikuwa ananipandisha Iwambi.

"Ulikuwa unapenda," akasema. Ni kweli, nilipenda.

Nikamkumbusha siku ile mama aliponiteremsha kwenye lori la mbao. Alikaa kimya muda kidogo, nikasikia redio ya gereji nyuma yake, maana siku hizi anafungua hata Jumapili.

"Lile lori," akasema, "lilikuwa bado linavuta upande. Nililijua tangu tunatoka getini."

"Na ulishuka nalo?"

"Nilishuka nalo taratibu, gia ya kwanza. Ningefanyaje, mwanangu? Mwenyewe alikuwa ameshapanda."